Mzee, Dai Risiti ya Kodi

Wasikilizaji, leo nalirudia lile lile, na nitalirudia mpaka liwaingie: mwalipa kodi ya nyumba bila risiti!

Juzi tena, bibi mmoja wa Majengo, umri wake umepita sabini, karudi kutoka sokoni akuta mlango wa chumba chake umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Mwenye nyumba asema ana deni la miezi mitatu. Bibi aapa amelipa kila mwezi, mkononi. Risiti? "Tuliaminiana tangu enzi za babake." Babake amefariki, nyumba imerithiwa, na mrithi ataka kujenga ghorofa.

Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba, sura ya 296 ya Sheria za Kenya, yamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kushika vyombo vyako bila idhini ya baraza la kodi. Kukusumbua makusudi ili uhame mwenyewe ni kosa. Lakini ukifika barazani utaulizwa: ushahidi uko wapi? Utajibu nini, kwamba mwaaminiana?

Mzee aliye katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo mara nyingi huchelewa. Akikipoteza chumba chake cha bei nafuu, atapata wapi kingine?

Nanyi watoto mlioko Nairobi na Ghuba! Mwatuma kodi kwa simu ya jirani, ati atampelekea mwenye nyumba. Jirani akihama je? Mtumieni mwenye nyumba mwenyewe, ujumbe msiufute, na mzee awe na daftari: tarehe, kiasi, kodi ya mwezi gani, sahihi ya aliyepokea. Kila mwezi, hata kama mwenye nyumba ni shemeji yenu!

Na karatasi usiyosomewa usiitie dole gumba. Mzee wa Kisauni alitia akidhani ni risiti, kumbe amekubali kuhama mwisho wa mwezi.

Viongozi nao wasikie. Kima cha 2,500 kimekaa miaka na miaka huku kodi zapanda, na wazee wengi wamebaki nje ya ulinzi huo. Kifungu cha 57 cha Katiba chataka mzee aishi kwa heshima, asaidiwe na jamaa zake na Serikali. Basi kima kipandishwe. Mbunge akija kuomba kura, muulizeni hilo kabla hamjampa kiti. Na kodi ya mwezi huu, haitoki mkononi mpaka risiti iingie!