Picha Irudi Nyumbani Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Kipsing, Isiolo)

Kwa kawaida mkutano kama huu husikia habari za mbuzi, shanga, asali na pesa za mkopo. Leo mmeturuhusu sisi vijana wachache, tunaochora, kupiga picha na kutengeneza filamu fupi, tuwaeleze kazi zetu. Tunajua kuna wanaojiuliza: je, hiyo itatuletea maji? Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini kwanza tuwaambie kosa letu.

Wakati wa kiangazi tulichukua simu tukashuka kwenye laga. Tulimkuta mama mmoja mzee ndani ya kisima cha mchangani, anachota maji kidogo kidogo kwa kikombe na kujaza mtungi. Tulimsalimu, tukampiga filamu ya dakika 3. Ruhusa hatukuomba. Jumapili jioni tukatundika shiti nyeupe darasani, tukaazima projekta, tukawaita watu. Kuna mahali mama alipanda akateleza. Watoto wakacheka, na wakubwa pia. Kumbe mwenyewe alikuwa ameketi nyuma. Akajifunika uso, akatoka.

Kesho yake tulikwenda kwake pamoja na mzee mmoja, tukaomba msamaha. Tulidhani amekasirishwa na kicheko. Sivyo. Alituambia, "Mmewaonyesha watu kwamba nina kiu. Hamkuwaonyesha kwamba kisima hicho nilikichimba mimi."

Maneno hayo yalituingia sana. Filamu yetu haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa nusu ya ukweli. Na ile nusu tuliyoacha ndiyo iliyokuwa na heshima yake.

Ndugu zetu, nchi yetu hii imechorwa na kupigwa picha kwa muda mrefu. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, aliishi Isiolo na mumewe George aliyekuwa askari mkuu wa wanyama. Mwaka 1949 serikali ya ukoloni ilimwomba achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao, kwa sababu mavazi na desturi zilikuwa zinabadilika upesi. Alichora picha mamia, na nyingi zimehifadhiwa Nairobi. Ni kazi kubwa. Bila hiyo mapambo mengine yangesahaulika. Lakini hebu tuulizane: ni nani kati yetu aliyewahi kwenda Nairobi kumtazama babu yake ukutani? Hata wageni wa siku hizi ni hivyo hivyo. Gari linasimama, msichana mwenye shanga anapigwa picha, vumbi linatimka, basi. Picha imekwenda.

Sasa tunauliza: itakuwaje mwenye uso akishika kamera mwenyewe?

Jambo hilo lilijaribiwa Mathare, Nairobi, mwaka 1997. Mpiga picha Lana Wong, pamoja na Francis Kimanzi wa chama cha michezo cha MYSA, waliwapa vijana 31 kamera za plastiki za bei ndogo. Walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 17. Watu wengi walizoea kuona Mathare ya taka na taabu tu. Vijana hao walipiga pia mama zao, michezo yao, marafiki na jikoni kwao. Picha zao zilitoka katika kitabu kilichoitwa Shootback. Mmoja wao, Julius Mwelu, akawa mpiga picha kweli kweli, na baadaye akaanzisha shirika la kuwafundisha watoto wa hapo hapo Mathare kupiga picha na kutengeneza filamu.

Mfano mwingine ni wa mbali, lakini unatufaa sisi watu wa vikundi. Kule Kanada kuna kisiwa cha wavuvi kiitwacho Fogo. Wavuvi walikuwa maskini, na serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha. Mwaka 1967 mtengenezaji filamu Colin Low alikwenda huko na wenzake, wakatengeneza filamu fupi 27 za watu wakieleza mambo yao. Aliyepigwa aliangalia kwanza. Kisha filamu zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji. Watu ambao hawakuzoea kukaa pamoja wakasikia kwamba jirani ana shida ile ile. Filamu zikapelekwa pia kwa wakubwa wa serikali. Wavuvi wakaunda chama cha ushirika, na kisiwa kina watu mpaka leo. Filamu peke yake haikufanya hayo yote. Iliwafungua watu midomo, wakafanya wenyewe.

Basi sisi tulirudi kwa yule mama. Tukaiondoa ile filamu mbele yake, tukamwuliza angependa tuanzie wapi. Alisema tuanze na kuchimba. Kabla ya kupiga, mmoja wetu alichora hadithi yote kwa mkaa kwenye kipande cha katoni, mraba baada ya mraba: mchanga mkavu, jembe, mchanga wenye unyevu, maji. Mama akatazama mchoro akaonyesha kidole: hapa mmesahau miiba ya kuzuia mbuzi. Ndipo tukapiga. Alipoiona mara ya kwanza alikuwa na wajukuu wake tu. Akakubali ionyeshwe kwa wote.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisimama akauliza mbona vijana wenye nguvu wanaletea mifugo maji kwenye kisima ambacho hawakuchimba. Wazee wakazungumza mpaka usiku. Wakaamua akina mama wachote kwanza maji ya nyumbani, mifugo ifuate, na vijana wasaidie kuchimba. Kwa hiyo, wale waliouliza habari ya maji, jibu letu ni hilo. Picha haichimbi kisima. Inaweza kuwaketisha wachimbaji pamoja.

Kwa wanaotaka kuanza, msingoje pesa nyingi. Kuchora kunataka mkaa na katoni. Simu moja inatosha kwa filamu ya dakika 3. Tuna pia kamera moja ya zamani ya filimu. Filimu ina picha 36 tu na kuisafisha ni gharama, kwa hiyo inatufundisha kufikiri kabla ya kubonyeza. Msiiache juani, kwa maana joto huiharibu. Pigeni asubuhi au jioni. Jua la saa sita hutia kivuli machoni na uso ukawa mweusi. Picha zikitoka, moja apewe aliyepigwa. Hilo ni deni.

Na kila mtu alete kazi yake mbele ya kikundi, hata kama haijaisha. Tunakaa duara, mwenye kazi ananyamaza kwanza, wengine wanasema walichoona. Inauma kidogo. Lakini anayeficha mchoro wake chini ya godoro hatajua kwamba amesahau miiba.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni kazi gani hapa kwetu ambayo wageni huipiga picha nusu tu?
2. Nani aombwe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtoto, mgonjwa, au sherehe?
3. Kama kikundi chetu kingetengeneza filamu moja ya dakika 3, ingekuwa ya nini, na nani aione kwanza?