Mpaka Uliohamishwa na Maji

Leo napenda kuwasimulia jambo lililotokea katika jamaa yetu huko Bahati, kaskazini ya mji wa Nakuru, maana yamkini litamfaa mtu mwenye shauri la mpaka na jirani yake.

Babu yangu na jirani yake walipata mashamba yao katika miaka ya 1960, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa. Mpaka wao ulikuwa korongo dogo. Kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na neno baina yao. Waliazimana majembe, na penye msiba walizikana.

Ndipo ikaja mvua kubwa ya El Niño, mwishoni mwa mwaka 1997. Maji yakaiacha njia yake ya zamani, yakachimba korongo jipya hatua 12 ndani ya shamba la jirani. Mvua ilipokwisha, Babu akasema, "Mpaka ni korongo," akalima hata ukingoni, akapanda mahindi. Jirani akasimamisha nguzo za seng'enge usiku. Asubuhi Babu akazing'oa. Tangu siku hiyo salamu zikakatika. Mama mzazi wa jirani alipofariki, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda kuzika. Babu akauza fahali ili apate fedha za wakili.

Chifu aliposikia, akawaambia kwamba shauri la mpaka wa shamba lililosajiliwa halianzii mahakamani, bali kwa Msajili wa Ardhi. Siku ikawekwa, wote wawili wakaarifiwa, naye Msajili akafika pamoja na mpima ardhi. Akawaeleza kuwa ramani yake yaonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Kwa hiyo alitaka kusikia watu na kuona alama zilizoko.

Hapo Nyanya akasimama akasema, "Mzee wangu, siku mlipopewa mashamba, mimi na mama wa upande wa pili tulipanda matoka kando ya korongo. Chimbeni."

Matoka ni mimea ya maua ambayo Wakikuyu wa zamani waliipanda mipakani, kwa kuwa tunguu zake hazifi upesi ardhini. Wakachimba, na tunguu zikaonekana zimejipanga mstari mmoja, katikati ya mahindi ya Babu.

Babu akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekosa." Mahindi yale akamwachia jirani. Jioni akaenda kumpa pole ya msiba ambao hakuuzika.

Basi, ndugu zangu, utaratibu ule umo pia katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Mahakama haisikilizi shauri la mpaka kabla Msajili hajauthibitisha. Kila mwenye shamba ana wajibu wa kutunza ua, mawe na alama za mpaka wake, na mwenye kuzing'oa bila ruhusa atenda kosa la jinai. Kwa hiyo tembeeni mpakani pamoja na jirani zenu wangali hai wale waliouona ukiwekwa, na watoto wenu wawafuate. Hatua 12 za udongo zilimgharimu Babu fahali mmoja. Lakini mazishi yale hakuweza kuyarudisha.