Mwalimu Mkuu na Mtoto wa Chumba cha Ndani

Mwanafunzi akiulizwa atafanya kazi gani akiwa mkubwa, aghalabu hutaja udaktari. Leo nataka kuwaeleza kazi nyingine: kuongoza shule inayopokea watoto vipofu, viziwi, na wenye ulemavu wa viungo au wa akili.

Zamani shule za namna hiyo zilikuwa mbali na Dar es Salaam. Ya vipofu ilifunguliwa Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Zilifanya kazi njema, wala sizitii ila. Lakini mfikirini mzazi wa Temeke mwenye mtoto kiziwi: alipaswa kumpakia katika garimoshi, mwendo wa kilomita 800 na zaidi, na kumwacha kwa watu asiowajua, hali mtoto hawezi hata kutuma neno kwamba anaumwa. Wengi waliona heri abaki nyumbani. Na abakiye nyumbani, wageni wakibisha hodi, huingizwa chumba cha ndani.

Baadaye elimu hiyo ilisogea karibu. Buguruni ilipata shule ya viziwi mwaka 1974; Sinza nako kuna shule ya wenye ulemavu wa akili. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wa namna hiyo haki ya kusoma pamoja na wenziwe katika shule ya kawaida. Lakini sheria haina miguu ya kupita vichochoro vya Mbagala na Tandale.

Basi, mwalimu mkuu ajuaye kazi yake hangoji mtoto aletwe. Huandamana na mjumbe wa nyumba kumi, wala mlangoni haulizi, "Mna mtoto mlemavu?" Ataambiwa hakuna. Huwa amekwisha kuwauliza wanafunzi wake mwenyewe, maana watoto hawajui kuficha, watamwambia, "Mwalimu, nyumba ya pili yuko mmoja, hatoki nje."

Akisha kumpata, ndipo kazi inapoanza. Mwenye kiti cha magurudumu atengenezewe mteremko mlangoni, na mlango wa choo uwe mpana. Jambo hili la choo husahauliwa sana, na mtoto asiyeweza kuingia chooni kesho hatarudi. Kipofu husoma nukta nundu kwa vidole, na kitabu kimoja cha wenziwe kwake huwa majalada kadhaa, nayo yataka kabati.

Lililo gumu kuliko yote ni mwalimu. Wako waliofunzwa kazi hii katika chuo cha Patandi, mkoani Arusha. Sasa darasa la saba likikosa mwalimu wa hesabu, na wazazi wakinung'unika juu ya mtihani, macho ya wote humwelekea huyo mwenye wanafunzi wanane tu. Hapo ndipo mwalimu mkuu huonekana kama ni kiongozi au ni karani. Akimhamisha, hakuna atakayelalamika, maana wale wanane hawana wa kuwasemea. Kesho yake watakaa barazani wakimngoja.