Kidonge cha Jirani

Katika mitaa ya Kampala, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, majirani husaidiana kwa mambo mengi. Hugawana chumvi, huazimana sufuria, hupeana moto wa makaa. Desturi hiyo ni njema na yastahili kudumishwa. Lakini kiko kitu kimoja ambacho hakifai kugawanwa hata kidogo, nacho ni vidonge vya kuzuia mimba. Mama ampaye jirani yake vidonge vichache kutoka katika pakiti yake hufanya hivyo kwa wema. Hata hivyo, wema huo waweza kumdhuru mpewaji, na humpunguzia mtoaji kinga yake mwenyewe.

Uzazi wa majira si jambo geni nchini Uganda. Chama cha Uzazi wa Majira cha nchi hiyo kiliundwa mwaka 1957, miaka mitano kabla ya uhuru. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 walioolewa, 35 walitumia njia za kisasa. Wengine 28 walitaka kuchelewesha au kukomesha uzazi, lakini hawakutumia njia yoyote. Mwanamke aliye katika hali hiyo ndiye anayeweza kushawishika kuupokea mkono wa jirani.

Vidonge vinavyohusika hapa ni vile vyenye vichocheo viwili, estrojeni na projestini, ambavyo huzuia yai lisipevuke. Pakiti nyingi zina vidonge 28. Kati ya hivyo, 21 vina dawa, na saba vya mwisho havina. Humezwa kimoja kila siku, saa ile ile. Vikimezwa bila kukosa, hupata mimba chini ya mwanamke mmoja katika kila 100 kwa mwaka. Katika matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kuchelewa, hupata mimba wapatao saba. Tofauti hiyo haitokani na dawa, bali hutokana na utaratibu wa mtumiaji.

Aliyesahau kidonge kimoja chenye dawa na akimeze mara akumbukapo, kisha aendelee kama kawaida. Aliyekosa viwili au zaidi mfululizo ameze kimoja mara moja, aendelee kila siku, na atumie kondomu au ajizuie mpaka amalize siku saba za kumeza vyenye dawa. Ikiwa amekosa katika juma la tatu, akimaliza vyenye dawa aanze pakiti mpya papo hapo, na vile saba aviache. Yaonekana basi kwamba mama aliyemgawia mwenzake vidonge vitatu amejipunguzia siku tatu za kinga.

Hatari ya mpewaji ni kubwa zaidi. Jirani auzaye ndizi sokoni, aumwapo kichwa mara kwa mara, hudhani ni jua. Huenda ni shinikizo la damu, naye hajapimwa. Vidonge hivi havimfai mwenye shinikizo kubwa la damu, wala aliyepata kuugua kiharusi, moyo, au damu kuganda katika mishipa. Havimfai mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini, wala apatwaye na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35 hapaswi kuvitumia. Mama anyonyeshaye mtoto aliye chini ya miezi sita hushauriwa kuchagua njia nyingine. Tena, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa na za Ukimwi, huvipunguzia nguvu.

Mambo hayo yote hufahamika kwa maswali machache na kipimo cha shinikizo la damu, kazi ya dakika chache tu. Ada katika vituo vya afya vya serikali nchini Uganda zilifutwa mwaka 2001. Ni kweli kwamba foleni na nauli ni gharama kwa mtu anayeishi kwa biashara ya kila siku. Lakini gharama ya kiharusi ni kubwa zaidi, na hulipwa na jamaa nzima.

Mwenye kutumia vidonge akipatwa na maumivu makali ya kifua, tumbo au mguu, kichwa kikali kisicho cha kawaida, au macho kutoona vizuri, aende hospitali bila kungoja. Madhara hayo ni machache, wala yasiwe sababu ya hofu. Uvumi kwamba vidonge hujikusanya tumboni au huleta utasa hauna ukweli; mwanamke aachapo kuvimeza, uwezo wa kuzaa hurudi. Jambo la kukumbukwa ni kwamba havikingi maradhi ya zinaa wala Ukimwi.

Wanaume nao wana sehemu yao. Mke amezaye kwa kujificha hushindwa kushika saa, na hushindwa kueleza anapougua. Mume akijua, humkumbusha mkewe na kumsindikiza kupimwa.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Jirani mwema, basi, si yule agawaye kidonge. Ni yule amshikaye mwenzake mkono, wakaenda pamoja kituoni kuuliza.