Kabla ya Kuuliza "Nani?"



Kesho asubuhi wengi wenu mtarejea kazini, na baadhi yenu mtakuta jambo limeharibika. Mtambo umesimama, au hesabu za ghala hazilingani, au jalada halionekani. Swali la kwanza litakalosikika, mara nyingi, ni hili: "Nani?" Akishapatikana huyo nani, ataandikiwa barua ya onyo, wenzake watarudi kwenye shughuli zao, na baada ya wiki tatu mtambo utasimama tena.

Mjapani Taiichi Ohno, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa viwanda vya Toyota na aliyefariki mwaka 1990, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Mtambo umesimama, kwa nini? Fyuzi imeungua, kwa kuwa mtambo ulilemewa. Kwa nini ulilemewa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikuvuta sawasawa. Kwa nini? Mhimili wake umelika na kulegea. Na kwa nini umelika? Pampu haikuwa na chujio, chembe za chuma zikaingia. Anayekoma kwenye jibu la kwanza atabadilisha fyuzi, na mwezi ujao ataibadilisha tena. Aliyevumilia hadi swali la tano ataweka chujio.

Katika majibu yale matano hamna jina la mtu hata moja. Sisemi kwamba wezi na wavivu hawapo. Wapo, na twawajua. Lakini hata mwizi akikamatwa, yafaa tuulize kwa nini ghala lilikaa miaka mingi bila kukaguliwa.

Ugumu ni kwamba maswali haya, yakishuka chini, hupanda juu. Karani amekosea hesabu. Kwa nini? Amechoka. Kwa nini amechoka? Anafanya kazi ya watu wawili. Kwa nini? Mwenzake alistaafu, na nafasi yake haikujazwa. Na ni kazi ya nani kuijaza? Hapo mtu hukohoa, na kikao kikafungwa.

Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume yatuonyesha kikao ambacho hakikufungwa mapema. Wayahudi wenye kusema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ilikuwa rahisi kuwaita wachochezi. Ilikuwa rahisi pia kumtafuta mgawaji mmoja na kumwaibisha mbele ya wote. Mitume hawakufanya hivyo. Walikubali kwamba kazi ya kuhudumia meza haikuwa na wenyewe, nao hawakuweza kuibeba pamoja na kazi ya kuhubiri. Wakawaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema. Yasomeni majina ya hao saba: Stefano, Filipo na wenzao. Yote ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaelekea kazi ilikabidhiwa watu walioielewa lugha ya wajane wale, na pengine waliwajua hata kwa nyumba zao. Kitabu hakitaji tena manung'uniko hayo.

Ninyi mlio wasimamizi, mtu anayejua kwa nini pampu imelika ni yule anayeitia mafuta, naye kwa kawaida hakai mezani penu. Mwendeeni mahali pake pa kazi. Mwulizeni kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, maana "kwa nini" ya hasira huleta udhuru tu, na ikirudiwa mara tano huleta udhuru tano. Akiwaambia kwamba aliomba chujio mwaka jana na ombi lake likalala katika ofisi yenu, mshukuruni, kisha mlitafute ombi lile siku hiyohiyo.

Nawatakieni Dominika njema.