FUNDI WA USIKU NA UFUNGUO WA STOO

(Hotuba ya mwenezi wa chama kwa wanachama wa tawi, Songea)



Leo sikuja kuuza kadi. Nimekuja kuwaeleza habari za usiku mmoja.

Wote mwajua kwamba tangu mwaka 2018 mji wetu unapata umeme wa gridi ya taifa, kwa njia kubwa ya kilovolti 220 itokayo Makambako. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini umeme ukiisha kufika kiwandani haujisimamii wenyewe. Yuko mtu anayeukimbilia saa nane za usiku mota ikinyamaza, na mtu huyo hatumwoni mikutanoni, maana tunapokutana yeye amelala.

Basi nikamfuata mimi, katika kinu kimoja cha kusaga mahindi ambacho jina lake silitaji. Mimi nimesomea ualimu. Waya za umeme nazijua kwa kuzikwepa tu. Nikapewa kigoda karibu na mlango.

Saa saba kasoro robo mota kubwa ikaguna, ikatoa harufu ya kuungua, ikasimama. Fundi akazima swichi kuu, akaitia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni. Nikamwuliza kwa nini. "Mwalimu, mtu mwenye usingizi aweza kuwasha bila kuniona." Akapima kwanza kama umeme umekatika kweli, ndipo akagusa. Kisha akanieleza kama nami nielezavyo darasani: mota ile hutumia umeme wa njia tatu. Fyuzi moja ikikatika, huendelea kuzunguka kwa njia mbili zilizobaki, nazo huzidiwa na mzigo hata waya za shaba zikaungua. Kipo kidude cha kinga cha kuizima kabla ya hapo. Tukakifungua. Kumbe mtu wa zamu ya mchana alikwisha kukifunga kwa kipande cha waya kisikate, ati kilikuwa kinasumbua!

Fundi akakaa chini, asiseme neno.

Mota ya akiba ilikuwako stooni, hatua 30 tu kutoka pale. Ufunguo wa stoo ulikuwa Bombambili kwa mtunza stoo, na simu yake imezimwa. Kijana akatumwa, akarudi saa kumi. Mota ya uzito ule watu wawili hawaibebi. Waliisukuma juu ya mabomba ya chuma, kidogo kidogo, huku tochi nimeishika mimi. Kulipopambazuka wakulima walikuwa wamekaa langoni juu ya magunia yao, na bwana mkubwa akafika. Swali lake la kwanza: "Mlilala?" Daftari la zamu ya mchana halikuwa na neno hata moja juu ya ile waya. Fundi akapewa barua ya kujieleza.

Ndugu zangu, sisemi mwenye kinu ni adui. Kinu kikisimama, hasara ni yetu sote. Tena nasema wazi, hata kama itachukiza: aliyefunga ile waya pengine yumo humu, na kadi anayo. Simwulizi jina. Namwomba asirudie, maana aliyeweka mikono yake mle ndani usiku ni mwenzake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ya usiku iongezwe si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Fundi wetu hakuwa na habari. Kosa hilo ni letu sisi tuliosoma tukanyamaza.

Naleta shauri kwamba Jumatatu wajumbe watatu waende kwa mwenye kinu. Ufunguo wa stoo ulale kinuni, kwa msimamizi wa zamu. Kila zamu iandike kilichoharibika na kilichofungwa. Na barua ile ifutwe.

Nimemwuliza fundi kama atafuatana nasi. Amesema saa nne asubuhi huwa yuko katika usingizi mzito, lakini tukimgongea mlango ataamka.