Udongo, Utumbo na Kinga ya Mwili: Mazungumzo na Wakazi wa Galu



Anayeingia Kaya Kinondo, hapo jirani na Galu, hukanyaga udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza. Kwa mila za kaya, hakuna kinachotolewa msituni. Majani huanguka, huoza na kugeuka mbolea papo hapo. Wanaofanya kazi hiyo hawaonekani kwa macho: kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kinaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja. Wengi wao hawamdhuru mtu. Wako wanaoishi kwenye mizizi ya kunde, pojo na mbaazi na kuilisha mimea hiyo naitrojeni ya hewani. Wako pia waliotupa dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kijasumu kutibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo.

Mwanadamu naye ana shamba lake ndani ya utumbo. Humo wanaishi bakteria wengi mno, na wale walio rafiki hula kile ambacho tumbo limeshindwa kusaga, hasa nyuzinyuzi za mboga na nafaka. Wakishakula, hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwabana wadudu wa maradhi wasipate nafasi. Sehemu kubwa ya chembe za kinga ya mwili iko kwenye utumbo, na chembe hizo hujifunza kutoka kwa bakteria hao nani ni rafiki na nani ni adui.

Je, udongo wa nje unausaidia utumbo? Huko Finland, watafiti walitandaza udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya shule za chekechea. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba katika siku 28 tu bakteria wa ngozi ya watoto walikuwa wa aina nyingi zaidi, na damu yao ilikuwa na dalili za kinga iliyotulia vizuri zaidi.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Mzazi asisikie habari hiyo akawaacha watoto wale mchanga. Udongo wa Finland hauna minyoo ya safura. Wa pwani yetu unayo. Minyoo hii hustawi kwenye udongo wa kichanga wenye joto na unyevu, huingia kupitia ngozi ya mguu mtupu, kisha hujishikiza utumboni na kunyonya damu. Kati ya 2015 na 2017 utafiti uitwao TUMIKIA ulifanyika humu Kwale katika maeneo 120. Pale ambapo watoto peke yao walipewa dawa kupitia shule mara moja kwa mwaka, walioambukizwa walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Pale ambapo dawa zilipelekwa nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, wakubwa kwa wadogo, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Kwa hiyo mhudumu akibisha hodi na dawa za minyoo, baba na nyanya nao wameze.

Kuna jambo jingine ambalo Kwale imeufundisha ulimwengu. Watoto wachanga wengi hukosa madini ya chuma na kupungukiwa damu. Watafiti waliwapa watoto wa miezi sita wa kaunti hii uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi wenye chuma, kila siku kwa miezi minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Tumbo la mtoto hufyonza chuma kidogo tu, na kilichobaki kilishuka kwenye utumbo mpana na kuwalisha bakteria wabaya. Marafiki walipungua, na utumbo ukaonyesha dalili za uvimbe.

Watafiti hawakuishia hapo. Katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2017, watoto 155 wa Kwale walishirikishwa. Kundi moja lilipewa chuma pamoja na aina ya sukari ambayo mtoto hawezi kuisaga lakini bakteria rafiki huipenda. Safari hii marafiki walihimili, madhara ya chuma yakapungua, na watoto wa kundi hilo waliugua maradhi ya njia ya hewa mara chache zaidi.

Funzo lake si kuacha chuma. Mtoto asiye na damu ya kutosha hudhoofika, na mama mjamzito asiye na damu huhatarisha maisha yake siku ya kujifungua. Vidonge na unga vinavyotolewa kliniki vitumike kama mhudumu alivyoelekeza. Funzo ni kwamba bakteria rafiki nao wanahitaji kulishwa.

Wanalishwaje? Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, na aendelee kunyonya baada ya hapo. Maziwa hayo yana sukari maalumu ambazo kazi yake ni kuwalisha bakteria rafiki. Anapoanza kula, chakula chao kinapatikana shambani na sokoni: kunde, pojo, mbaazi, mchicha, mtsunga, vitunguu na ndizi. Maziwa lala yaliyotengenezwa kwa usafi nayo yana bakteria wa manufaa. Dawa za kuua bakteria zisinunuliwe dukani bila kuandikiwa na daktari, kwani huua marafiki na maadui bila kubagua.

Kwa kina mama wajawazito wanaotamani udongo, neno moja. Tamaa hiyo si aibu, na si ya mtu mmoja. Katika utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo. Lakini udongo unaweza kuleta mayai ya minyoo, na baadhi ya aina zake huzuia chuma kufyonzwa. Anayeutamani amweleze muuguzi wa kliniki, apimwe damu.

Watoto wacheze nje chini ya miti, wamevaa viatu, mbali na kinyesi cha watu na cha wanyama. Choo kitumike, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Udongo utiwe mbolea na ulimwe kunde, kisha kunde ziletwe mezani. Hiyo ndiyo njia salama ya faida ya udongo kufika tumboni.